Gome Juu, Gome Chini

Gunvor alipoolewa upande wetu wa mto, kazi ya kwanza aliyokatazwa ilikuwa kupanga kuni. Alikuwa bibi harusi wa wiki mbili, ana miaka ishirini na mitatu na mikono isiyojua kukaa bure. Akakuta kuni zilizopasuliwa zimemwagwa uani, akaingia kazini bila kuuliza wala kuulizwa. Kufika alasiri alikuwa amesimamisha safu inayomfika kifuani. Mumewe Embret aliporudi kutoka msituni na msumeno begani, aliitazama ile safu kwa muda, akauweka msumeno chini, akaanza kuiteremsha kipande kimoja kimoja.

"Nimekosea nini?" Gunvor akauliza.

"Umelaza magome chini. Huku tunaweka gome juu. Gome ndilo paa la kuni, mvua ikija inateleza."

"Kwetu tunasema, ukitaka maji yakauke chunguni, usifunike chungu."

"Ndiyo maana kwenu mkiwasha jiko hata sisi wa huku tunajua," Embret akasema. "Moshi mtupu!"

Wakacheka wote wawili, maana ndoa ilikuwa bado mbichi na kila kitu kilichekesha. Lakini tangu siku hiyo kuni zikawa za Embret, na Gunvor hakuzipanga tena.

Mgeni atadhani huu ni mzaha. Si mzaha hata kidogo. Sisi wa bonde hili theluji hutufungia ndani kuanzia Oktoba hadi Aprili, na mtu akipita barabarani wakati wa kiangazi, kabla hajatazama maua ya mwenye nyumba wala watoto wake, hutazama kuni zake. Safu ikipinda, mwenyewe hata shoka haazimwi. Mama yangu mdogo alimkataa mchumba mwenye shamba zuri na meno yote kinywani, kwa sababu tu safu ya kuni zake ilikuwa imeegemezwa kwa mti isianguke. Hakuna aliyemlaumu.

Safu ya Embret ilianzia langoni ikaenda hadi kwenye banda la ng'ombe ambalo halikuwa na ng'ombe tena, imenyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Watu walipunguza mwendo wa magari kuitazama. Yeye hakuwa mtu wa makuu, kanisani alikaa nyuma, na katika mikutano alinyamaza. Kwa kuni tu ndipo alipokuwa na majivuno ya jogoo. Na Gunvor je? Gunvor alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika jiko la shule, akamlea binti yao Ragnfrid, ambaye sasa anaishi mbali huko pwani ya kaskazini na hupiga simu kila Jumapili. Kila majira ya baridi alizibeba zile kuni ndani kwa kikapu, akawasha jiko la chuma alfajiri, akazoa majivu, akafagia vipande vya magome sakafuni. Wanaume wa kwetu wameigawa kazi ya kuni kwa haki kabisa: sifa wamechukua wao, majivu wamewaachia wake zao.

Mambo yaliharibika mwezi wa Januari, mwaka Embret alipotimiza sabini na mitatu. Alikuwa amepotea mara mbili katika msitu aliokata miti maisha yake yote. Birika la kahawa lilikutwa kwenye jokofu, na siagi ndani ya kabati la viatu. Daktari wa mjini akampima kwa maswali na kumchorisha uso wa saa, kisha akawaeleza taratibu kwamba kumbukumbu inakufa na haitarudi. Akamnyang'anya na leseni ya gari siku hiyohiyo. Alijaza pia fomu za nyumba ya wazee, ili jina liwe kwenye orodha iwapo siku itafika.

Wakati wa kurudi nyumbani Gunvor ndiye aliyeendesha. Embret alitazama theluji hadi walipofika nusu ya njia, ndipo akasema:

"Mama, nisikilize. Siku nitakaposhindwa kupanga kuni zangu mwenyewe, unipeleke. Sitaki kukaa pale nyumbani nikawa gogo la kugeuzwageuzwa na kulishwa kwa kijiko. Na mpaka siku hiyo, habari hii tusiizungumze."

Gunvor alikaza macho barabarani. Embret alikuwa mtu ambaye akisema amesema. Tangu amjue hakuwahi kuona neno lake likigeuka, liwe zuri au baya, na mengine yalikuwa mabaya kweli. Kwa hiyo alijua kwamba alichosikia ni hukumu, na kwamba tarehe yake ilikuwa imefichwa ndani ya rundo la kuni. Hakutaka aondoke. Alimpenda, na zaidi ya kumpenda aliiogopa ile nyumba ya vyumba sita, baridi imeshika madirisha, na yeye peke yake mezani na kiazi kimoja cha kuchemsha.

Mwezi wa Aprili jirani yao Tollef alikuja na mashine yake ya kupasulia, kama kila mwaka. Tollef ni mtu mwema mwenye mdomo usio na mlango. Akiliona jambo, jambo limeshasemwa. Akapasua magogo yote ya miti ya gome jeupe, akayaacha yametapakaa uani, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akaenda zake. Theluji ya mwisho ilipoyeyuka mwezi wa Mei, Embret alivaa glavu zake za ngozi akaanza kupanga.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Siku ya nne Gunvor alikuwa dirishani jikoni akimenya viazi, akamwona mumewe amesimama na kipande kimoja mkononi. Alikigeuza, akakigeuza tena, akakiangalia huku na huku. Mwishowe akakiweka ncha nene ikiwa mbele. Kilichofuata, ncha nene mbele. Na kilichofuata. Gunvor hakuwa fundi lakini hakuwa mjinga pia: ncha nene zote zikiwa upande mmoja, safu huinama. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili, wakati Embret amelala usingizi wake wa mchana, sehemu ya katikati ikaanguka kwa kishindo.

Huo usingizi wa mchana ulikuwa wa tangu enzi za msituni. Saa saba alikula, saa saba na nusu alilala kwenye kochi, saa tisa aliamka, na katikati hapo hata mbingu ingeanguka asingeamka. Gunvor alisimama mlangoni akimsikiliza anavyokoroma. Kisha akachukua glavu za mumewe, zilizompwaya, akatoka.

Aliziokota zote akazipanga upya, nene kwa nyembamba, magome juu. Alipomaliza mgongo ulikuwa umeloa jasho, akazirudisha glavu mahali pake kama mwizi. Embret akaamka, akatoka, akaitazama safu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Uso ukamkunjuka.

"Bado ninayo, mama," akasema, akiionyesha mikono yake.

"Unayo," Gunvor akajibu.

Ulikuwa uongo wa kwanza, na ulimtoka kirahisi hata akajishangaa.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi Embret alipanga, mchana akalala, na Gunvor akapanga upya alichopanga Embret. Zipo siku aliharibu kidogo tu, safu ya juu, ya dakika kumi. Zipo siku alisahau kupishanisha vipande kwenye vichwa vya safu, pale panapobeba uzito wote, na Gunvor akalazimika kuvunja hatua mbili nzima na kuanza chini. Kuni zilezile alizishika mara tatu, mara nne, hata baadhi akazifahamu kwa sura: kile kipande chenye fundo kama goti, kile kilichopindana kama watu wanaogombana. Kiuno kikakataa. Vibanzi vikamwingia chini ya kucha. Usiku alilala na mikono nje ya shuka kwa maumivu, akimwambia Embret ni baridi yabisi.

Ila kuna jambo aliloliona aibu kulisema hata mwenyewe kwa mwenyewe. Alizipenda. Katikati ya hofu na uchovu wote ule, alizipenda zile kuni. Alipenda harufu yake, tamu na kali kidogo, iliyobaki kwenye nywele hadi jioni. Alipenda kukishika kipande, kukitazama tumbo na mgongo, kukitafutia nafasi yake, na kusikia kikikaa, tk, akajua hapo hakiondoki. Alijifunza kubisha vipande viwili kimoja kwa kingine: vibichi vinajibu du, vikavu vinalia kama vigae. Mwezi wa Juni vingi vilikuwa vinajibu du. Mwishoni mwa Julai vilianza kulia, na Gunvor alisimama peke yake uani akivigonganisha, akicheka kimoyomoyo, mwanamke wa miaka sitini na tisa. Kumbe huu utamu wote mzee alikuwa anaula peke yake miaka yote hii, akawaza. Kisha akakumbuka kwa nini sasa umemfikia yeye, raha ikamkaukia.

Ragnfrid alipopiga simu Jumapili akauliza, "Baba anaendeleaje?"

"Anapanga kuni," Gunvor alijibu.

"Ah, basi mzima!"

"Mzima."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gunvor ilifika mwisho mwezi wa Agosti.

Ilikuwa Ijumaa. Mawingu meusi yalikuwa yanashuka mlimani, na wakati Embret yuko kochini sehemu ndefu ya safu, kama hatua sita, ikaporomoka yote. Gunvor alikuwa na saa moja. Hakufikiri. Alirusha mikono tu, akaokota, akalaza, akaokota, akalaza, macho yakiwa juu kwenye mawingu na masikio yakiwa kochini. Mkono ukiharakishwa haukumbuki ulichofundishwa ukubwani, hurudi kwa mama yake. Wake ulirudi ng'ambo ya mto, kwenye ua wa baba yake, alikopanga kuni tangu ana miaka saba. Matone ya kwanza yalipoanguka alikuwa anatupia mabati juu ya safu na mawe juu ya mabati. Akakimbilia ndani, akakausha nywele, akaweka birika jikoni. Safu ilisimama, imenyooka. Wala hakuitazama tena.

Kesho yake, Jumamosi, mvua ilikuwa imekwisha na Tollef akaja. Gunvor alioka vile vikeki vyembamba vya kuokwa kwenye chuma, vyenye umbo la moyo, akatoa na jibini la kahawia na jamu, wakakaa uani. Embret alikuwa na siku njema. Alilikumbuka jina la Tollef, akalikumbuka na jina la mbwa wa Tollef aliyekufa. Akamshika mkono wakatembea kando ya safu.

"Tazama, kijana," akasema. Tollef ana miaka sitini na minne. "Watu walisema mzee amekwisha. Wewe ulisikia, usikatae. Haya, amekwisha hapa? Weka jicho lako hapa, tazama mpaka kule bandani. Kuna mahali pamepinda?"

"Hapajapinda," Tollef akasema.

"Hapajapinda!"

"Ila nimeona umehamia ng'ambo, mzee!" Tollef akaangua kicheko. "Tangu lini Embret analaza magome chini kama watu wa kule? Mkeo amekuweza, eh? Mwishowe amekuweza!"

Gunvor alikuwa mlangoni na birika mkononi. Alitazama pale Tollef alipoonyesha, akaona. Hatua sita nzima, kutoka chini hadi juu, weupe wa ndani ya kuni ukiangalia mbinguni na magome yakiangalia ardhini, na pande zote mbili magome juu. Asiye wa kwetu asingeona kitu. Wa kwetu angeliona akiwa ndani ya basi.

Embret aliinama. Akaondoa bati, akaweka kiganja juu ya kuni, akakipitisha polepole kutoka palipo gome hadi pasipo na gome, na kukirudisha. Tollef, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza, na hapo Gunvor akajua kwamba ameshaelewa.

"Nilikuwa natania tu, mzee."

Embret akainuka, akacheka. "Ni kweli bwana, ameniweza. Mwanamke akikwambia jambo moja miaka arobaini na sita, mwishowe unakubali ili upate kulala. Twende tukanywe kahawa."

Alikunywa kahawa na Tollef hadi mwisho. Alimsindikiza hadi langoni. Kisha akarudi, akaketi mbele ya mke wake na vyombo vichafu katikati yao.

"Tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Zote?"

"Si zote."

"Mama."

"Karibu zote," Gunvor akasema.

Embret akaitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo nimesimama pale nikijisifia kazi ya mtu mwingine. Tollef ameniangalia nikijipiga kifua kama mtoto aliyevalishwa kofia ya askari. Wiki ngapi? Waliopita barabarani wote, nikawapungia mkono! Umenifanya kichekesho, Gunvor."

Hakuwa amemwita Gunvor tangu Ragnfrid alipozaliwa.

"Nilitaka ubaki," Gunvor akasema.

"Najua ulichotaka. Hukuniuliza."

"Na wewe uliniuliza?" Gunvor akasimama, kikombe kikaanguka. "Siku ile garini uliniuliza? Ulisema tu! Siku zote unasema tu, na mimi naendesha, mimi napika, mimi nazoa majivu. 'Unipeleke.' Nikupeleke halafu mimi nirudi wapi? Ulifikiria hilo? Kiuno changu kimevunjika kwa ajili ya kuni zako, na sijasema hata ah! Na nikwambie na lingine, maana leo ni siku ya kusema. Nimezipenda. Hizo kuni nimezipenda, kila moja, na ulininyima tangu nina miaka ishirini na mitatu!"

Akakaa, akalia, kwa sauti, kama watu wa kwetu wasivyolia.

Embret alimwacha alie. Aligeuka akaitazama safu kwa muda mrefu, akiwa na lile jicho lake la zamani la kupima.

"Imenyooka," akasema mwishowe.

"Hata pale penye magome chini?"

"Sijasema hivyo."

Gunvor akacheka katikati ya kamasi, naye Embret akacheka kidogo, kisha akaacha. Hakuwa amesamehe, na Gunvor aliliona hilo. Alikuwa ameamua.

Jumatatu asubuhi alipiga simu mwenyewe kwenye nyumba ya wazee. Gunvor alimsikia akitaja jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa bila kukosea. Muuguzi mkuu, Jorunn, akamwambia kuna chumba kimeachwa wazi, wanaweza kumpokea Jumatatu ijayo saa nne asubuhi. Embret akashukuru, akaweka simu chini, akamgeukia mkewe.

"Nitasahau," akasema.

"Hutasahau."

"Usinidanganye tena. Nitasahau, na wewe unajua. Siku hiyo nitaamka kama sijasema lolote, na nitakuwa mbishi. Sitakuamini. Utanipeleka hata hivyo?"

"Embret..."

"Utanipeleka? Mimi huyu, ninayekuona sasa, ndiye ninayekuomba. Yule wa Jumatatu usimsikilize. Nimewahi kuchekwa mara moja, inatosha. Nisije kuwa mtu ambaye hata hajui kwamba anachekwa."

Akanyoosha mkono wake juu ya meza. Kwetu watu wakishikana mikono juu ya neno, neno limefungwa. Gunvor akauangalia ule mkono.

"Tuandike basi," akasema. "Ili nikuonyeshe."

"Mimi na wewe tumeandikiana lini?"

Kweli, hawakuwahi. Akaushika. Ahadi ni deni, na lile lilikuwa zito kuliko alilowahi kubeba.

Wiki ile, sijui niiteje. Walipanga kuni pamoja. Embret hakulala mchana; alisema atalala huko aendako. Yeye alichagua vipande, Gunvor akaviweka, au kinyume chake, na wakabishana juu ya magome kama vijana. Alimwonyesha namna ya kuusikiliza uzito wa safu kwa kiganja, namna ya kuacha pengo la kupitisha panya lakini si paka anayemfukuza. Mara nyingine katikati ya neno alipotea, akasimama na kipande mkononi, na Gunvor akakipokea tu, akakiweka. Ile sehemu ya magome chini walisema wataivunja kesho, na kesho, na haikuvunjwa. Alhamisi walikula uji wa maziwa ya mgando hukohuko uani, wameketi juu ya kigogo cha kupasulia, mgongo kwa mgongo. Gunvor alikuwa na furaha na alikuwa anahesabu siku, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichopunguza kingine.

Jumatatu Gunvor aliamka akakuta Embret hayupo kitandani. Kahawa ilikuwa imeshapikwa, na birika lilikuwa juu ya jiko, mahali pake. Nje jua lilikuwa zuri, hewa kavu, hewa ya kuni hasa. Embret alikuwa uani na glavu zake, anaimba. Sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda, Gunvor amelipanga Jumapili wakati mumewe yuko bafuni: mashati manne, suruali mbili, picha ya Ragnfrid, mashine ya kunyolea.

Gunvor alikunywa kahawa amesimama. Saa mbili ikapita. Angeweza kupiga simu akasema mzee ana homa. Jorunn asingeuliza, chumba kingekwenda kwa mwingine, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, hata Embret, hasa Embret. Aliiweka ile fikra kinywani mwake pamoja na kahawa na akaona ni tamu. Kisha akaukumbuka ule mkono juu ya meza. Saa tatu akatoa sanduku, akaliweka garini, akaenda uani.

"Embret. Leo ni Jumatatu."

"Kwani nimekataa?" akasema kwa uchangamfu. "Nipe hicho chenye fundo hapo."

"Tunakwenda mjini. Chumba chako kiko tayari."

"Chumba gani?"

"Kwenye nyumba ya wazee. Tulikubaliana. Ulipiga simu mwenyewe, Jumatatu iliyopita."

"Mimi?" Akamtazama akitafuta utani usoni pake. Hakuuona. "Mimi nipige simu ya hivyo? Siwezi, mama. Nilisema neno moja tu, na nalikumbuka, nilikwambia garini. Siku nitakaposhindwa kupanga kuni zangu. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tazama." Akanyoosha mkono kutoka langoni hadi bandani. Safu ilikuwa imesimama kwenye jua, ndefu, imenyooka kuliko mwaka wowote. "Iko wapi iliyoanguka? Nionyeshe moja. Je, nimeshindwa?"

Gunvor alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, machache na ya kweli: hizo si zako, nimezipanga mimi. Akauona uso wake ukingoja, umejaa imani, na akajua kwamba akiyasema, huyu mtu ataipata upya ile Jumamosi yote, kiganja juu ya magome, kichekesho, kama vile hajawahi kuipata. Na jioni atakuwa ameisahau, na aibu itabaki bila sababu. Alikuwa ameahidi kumpeleka. Alikuwa pia ameambiwa asidanganye tena. Mawili hayo hayakuwezekana kwa pamoja bila kumvunja.

"Hujashindwa," akasema. "Ni mimi nimeshindwa. Siwezi tena, Embret."

Akamtazama mkewe toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayemwona baada ya safari ndefu: mgongo ulioinama, vidole vilivyovimba, bandeji ya vibanzi kwenye dole gumba. Ubishi wote ukamtoka. Akavua glavu, moja, nyingine, akazilaza juu ya safu.

"Ungesema mapema, mama," akamwambia kwa upole. "Sikujua nimekuchosha hivi."

Akaenda hadi garini, akaingia mwenyewe, akafunga mkanda, akamngojea.